Mreno Aliyeapa Kurudi

Mreno aliyeitwa Ndevu alirudi ngomeni asubuhi ya siku ya kumi na moja tangu adui awazingire. Alipanda njia ya mlima kwa miguu, katikati kabisa ya njia, mikono ikining'inia, jua likimpiga usoni. Walinzi wa lango walimwelekezea bunduki tatu. Hawakufyatua, kwa sababu kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake aseme kama na yeye anaona anachokiona. Mtu akitekwa na Kawasoe, bwana aliyewazingira, harudi. Kinachorudi ni kichwa chake, kimeoshwa na kuchanwa nywele vizuri, ndani ya sanduku la mbao.

Hiki kichwa kilikuwa bado kimekaa juu ya mabega, na ndevu zake nyekundu zote.

Walimwita Iwakiri Heiroku ashuke kutoka ukuta wa mashariki. Ilikuwa lazima aitwe yeye. Miaka minne nyuma, meli ya Wareno ilipovunjika kwenye miamba chini ya ngome hii ya Ishigaoka, Heiroku ndiye aliyemwokota huyu Lopo Taveira mchangani akiwa nusu mfu, na ndiye aliyepiga magoti mbele ya Bwana Mkubwa akaomba mgeni apewe kazi ya kupiga bunduki. Alitia dole gumba lenye damu kwenye karatasi: Mreno huyu akitusaliti, mimi Iwakiri nitalipa kwa kichwa changu, na jina la nyumba yangu lifutwe. Wakati ule aliona ni karatasi tu.

Alikuwa samurai wa miaka arobaini na sita, goti moja bovu, mtu wa maneno machache. Alisimama hatua tatu mbele ya Mreno.

"Umetoroka?"

"Sijatoroka, kaka. Nimeruhusiwa. Nina mpaka kesho adhuhuri."

"Kesho adhuhuri kuna nini?"

"Narudi kwao," alisema Lopo. "Nimeapa."

Walinzi walitazamana. Mmoja akashusha bunduki, mwingine akaipandisha. Heiroku alimshika Mreno mkono.

"Funga mdomo wako," alisema. "Usiufungue mpaka nikwambie."

Bwana Moritaka, Bwana Mkubwa wa ngome, alikuwa na miaka ishirini na tatu na midomo iliyopasuka, kwa hiyo siku zile alizungumza kidogo sana. Aliyezungumza kwa niaba yake ni Hidaka Dozen, mzee wa kichwa kilichonyolewa, aliyekuwa mshauri wa baba na sasa wa mtoto. Ukumbini walikaa watu kumi na wawili, wote na deraya zao, na Lopo akawekwa katikati. Heiroku alikaa nyuma yake karibu, mahali anapokaa mtu aliyeandaliwa kufanya kazi ya haraka.

"Haya, simulia," alisema Dozen. "Na usirembeshe."

Lopo alikuwa amejifunza kusema kama wao, ingawa bado alizungumza kama mtu anayetafuna kitu. "Walinipiga kichwani usiku ule tulipotoka kwenda kuchoma boma lao. Nilipozinduka nimefungwa kamba. Leo alfajiri wakanifungua. Wakaniogesha, wakanipa nguo nyeupe mpya. Nikasema moyoni, kumbe hawa ni waungwana. Wakanikalisha kwenye mkeka safi uwanjani, wakubwa wao wote wamekaa kwa safu. Wakanipa pombe kidogo kwenye kikombe. Halafu wakaleta sinia, na juu ya sinia upanga mfupi, umeviringishwa karatasi nyeupe, ncha imeachwa nje."

Mtu mmoja akakohoa akajizuia. Heiroku aliinama kutoka nyuma.

"Kulikuwa na mtu amesimama nyuma yako? Upande wa kushoto, na upanga mrefu?"

"Alikuwepo. Mlinzi."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikashukuru. Nikauchukua ule upanga nikauchomeka mkandani, huu hapa. Kwetu ukiwa mateka na aliyekuteka akakurudishia silaha mbele ya watu, amekuamini. Maana yake nenda nyumbani katafute fidia yako, urudi. Basi nikasimama, nikaapa kwa msalaba wangu kwamba nitarudi siku ya pili jua likiwa kichwani, nina fidia au sina. Nikainama. Nikaondoka."

"Ukaondoka," alisema Dozen.

"Hakuna aliyenizuia, mzee. Walikuwa wameduwaa kidogo, hilo nililiona."

Kuna mtu safu ya nyuma alipasuka kwa kicheko, akajiziba mdomo kwa kiganja cha chuma, ikawa vibaya zaidi, mabega ya wenzake yakaanza kutikisika. Watu waliokuwa wanakunywa nusu kikombe cha maji kwa siku walicheka kwa sauti kavu kama majani makavu. Hata Bwana Mkubwa alifunika uso kwa upepeo wake. Dozen peke yake hakucheka.

"Mjinga wewe," alisema Heiroku polepole. "Ule upanga walikupa ujipasulie tumbo. Na yule wa nyuma hakuwa mlinzi. Alikuwa wa kukukata shingo ukishamaliza, usiteseke."

Lopo aliutazama upanga kiunoni mwake. Rangi ilimtoka mpaka kwenye masikio. "Nijiue?"

"Kawasoe alikuheshimu. Mtu wa chini hapewi nafasi hiyo, anachinjwa tu kando ya choo."

"Kwetu ni jehanamu moja kwa moja," alisema Lopo. "Hata kaburi hupewi."

"Hayo ya makaburi baadaye," Dozen alikata. "Nina swali moja. Mtu huyu anajua habari ya farasi. Anajua, hajui?"

Kicheko kiliishia hapo.

Ngome ya Ishigaoka ilikuwa na mchele wa kutosha miezi minne, lakini maji hayakuwepo. Kisima kilikauka siku ya tano. Mitungi iliyobaki, Dozen alikuwa ameihesabu mwenyewe, ilitosha siku tano, na mvua haikuonyesha dalili yoyote. Walikuwa wanatafuna mchele mbichi. Chini ya mlima kijito kilipita, na kijito kilikuwa mikononi mwa Kawasoe. Kawasoe naye alikuwa na shaka, kwa sababu kila adhuhuri, juu ya ukuta wa kusini mahali panapoonekana vizuri kutoka chini, mtunza farasi alimleta farasi wa kijivu wa Bwana Mkubwa na kumwogesha kwa kata kubwa, kata baada ya kata, mpaka maji yanatiririka mgongoni na kumeta juani. Isipokuwa hayakuwa maji. Ulikuwa mchele mweupe. Kwa mbali mchele unaomiminwa juani hung'aa kama maji, na adui alikuwa mbali. Ujanja huo ndio uliokuwa umewaweka hai. Kawasoe akijua ukweli, asingehitaji hata kupigana. Angekaa tu kivulini siku sita.

"Anajua," alisema Heiroku.

"Basi mambo yamekwisha. Akatwe hapa hapa. Samahani, Iwakiri, wewe ndiye mdhamini wake, kazi ni yako."

"Mzee Dozen," alisema Lopo, "nimekula mchele wa nyumba hii miaka minne. Siwezi kumwambia Kawasoe kitu."

"Lakini kurudi kwake unaweza."

"Nimeapa."

"Umemwapia adui. Kiapo kwa adui ni mate. Mtu ana bwana mmoja."

"Kwetu kiapo kwa adui ndicho kizito zaidi," Lopo alisema. "Ndugu yako ukimdanganya atakusamehe. Adui hana sababu ya kukusamehe. Mimi nilitekwa Moroko nikiwa kijana. Wamori, Waislamu wa kule, waliniachia niende mji wetu wa Seuta kutafuta fidia, miezi mitatu. Mama yangu akauza shamba la mizabibu, halikutosha. Nikarudi na nusu. Aliyeniteka akanikaribisha tende, tukakaa pamoja mwaka mzima mpaka nusu nyingine ikapatikana. Ningejificha, nisingekuwa mtu tena. Wangevunja ngao yangu na kunikatia vyuma vya visiginoni vya kuchochea farasi, na mbwa wangenikojolea."

"Ulitekwa," alisema mmoja wa wakubwa, kama mtu anayerudia neno la matusi ili ahakikishe amelisikia. "Na unalisimulia."

"Kwetu anayekufa wakati anaweza kutekwa anaonekana mpumbavu."

"Kwetu anayetekwa wakati anaweza kufa haonekani kabisa."

Heiroku aligusa sakafu kwa paji la uso. Hakuwa na uhakika na anachotaka kusema, ila alijua akikaa kimya dakika moja zaidi ataamrishwa kuchomoa upanga. "Bwana Mkubwa, niruhusu. Kawasoe alimwachia kwa sababu anataka kuona kitakachotokea. Asiporudi, Kawasoe atacheka tu. Lakini akirudi, kanawa na kashiba, Kawasoe atajiuliza: ngome gani inayokufa inamrudisha mpiga bunduki mzima kwa adui? Itakuwa ngome isiyo na wasiwasi."

"Na akisema?" Dozen aliuliza.

"Nitakwenda naye. Nitakaa nyuma yake, kama nilivyokaa sasa. Mdomo wake ukielekea kwenye maji, nitamkata kabla neno halijatoka. Baada ya hapo nitajua la kufanya na mimi mwenyewe."

Bwana Moritaka alishusha upepeo. Aliongea kwa shida, na kila neno lilimtoa damu kidogo kwenye mdomo wa chini. "Nenda naye. Uwe karibu."

Kesho yake asubuhi, Oyasu, mke wa Heiroku, aliwakalisha wanaume wawili barazani akawapaka mafuta ya mbegu za ua la kamelia midomoni. Aliyapaka kwa kidole, taratibu, akijaza kila ufa.

"Usilambe," alimwambia Lopo. "Ukilamba, nyufa zinaonekana. Na usitabasamu sana, hapa pembeni patafunguka."

"Sina la kutabasamia, shemeji."

"Wewe huwa unatabasamia hata kuku." Alimpaka na chini ya macho, ambapo ngozi ilikuwa imekauka kama karatasi. "Pua imeziba, au umejizoea? Unanuka, shemeji, hata baada ya adui kukuogesha. Tangu ulipokuja hapa nakwambia. Mtu anaosha vidole kabla ya kula kama binti mfalme, anataka mpaka mtu amwagie maji, halafu mwili mzima anauachia mvua."

"Ndivyo tulivyolelewa. Mezani mikono safi."

"Na mvua yenyewe haipo," alisema Oyasu. Kisha alichukua kikombe chake, nusu kikombe cha siku nzima, akawagawia wawili. Heiroku alitaka kukataa. Mkewe alimtazama mara moja tu, naye akanywa. Binti zao wawili walikuwa wamelala ndani mchana kweupe, kwa sababu aliyelala hasikii kiu sana.

Alipomaliza kumfunga mumewe kamba za deraya, Oyasu alimwambia kwa sauti ya chini, "Anakuamini."

"Najua."

"Basi ukifanya, fanya haraka."

Waliteremka mlima jua likiwa karibu kufika kichwani. Lopo alikuwa amevaa kifua chake cha chuma cha kwao, kipande kimoja kizima kama chungu, kilichomfanya atoe sauti kila hatua. Deraya ya Heiroku ilikuwa ya vipande vidogo vilivyosukwa kwa nyuzi, haikulia. Miaka minne walikuwa wanabishana ipi bora. Safari hii hawakubishana.

"Utanikata upande gani?" Lopo aliuliza bila kugeuka.

"Usiulize maswali ya kipuuzi."

"Nauliza kwa sababu chuma kinafika hapa. Shingo iko wazi kulia."

"Naijua shingo yako."

Walitembea kidogo. Nzi walikuwa wengi.

"Wale wa Moroko," Heiroku alisema hatimaye, "walikuthamini kiasi gani?"

"Ah." Lopo aliguna. "Mwanzoni walinipangia bei ya nyumbu. Nyumbu wa kubeba mizigo, tena mzee. Nilikataa kula siku mbili mpaka wakapandisha. Ningekubali, ningerudi nyumbani na watu wangesema huyo ndiye Taveira wa bei ya nyumbu, mpaka wajukuu."

"Uligoma kula ili mama yako alipe zaidi."

"Ukilisema hivyo linasikika vibaya."

Heiroku alikuwa anawaza kwamba huyu ni mtu wa ajabu kabisa, haoni haya kufungwa kamba, ila anaona haya kufunguliwa kwa bei rahisi. Na bado katika ngome nzima hakukuwa na mwingine ambaye Heiroku angempa mgongo vitani bila kugeuka.

Kawasoe Tatewaki aliwapokea uwanjani, chini ya turubai lenye alama ya nyumba yake. Alikuwa mnene, uso wa mviringo, mwenye sauti ya mtu anayependa chakula. Walinzi walichukua panga zao ndefu. Zile fupi waliwaachia, kwa sababu wajumbe huachiwa. Walikalishwa kwenye mkeka, Lopo mbele, Heiroku nyuma yake kulia, urefu wa mkono mmoja.

"Amerudi," Kawasoe aliwaambia wakubwa wake. "Kitandiko changu cha farasi kimepona. Nilikuwa nimekiweka dau kwamba atarudi." Akamgeukia Lopo. "Wewe mtu. Nilikupa ile silaha ufe vizuri. Umeichomeka kiunoni kama kisu cha samaki ukaenda zako."

"Nimeelezwa, mheshimiwa. Naomba radhi. Nilidhani umeniamini."

"Na nani alikulazimisha kurudi?"

"Hakuna. Niliapa."

Kawasoe alimtazama muda mrefu, kama mtu anayetazama samaki wa aina asiyoijua na kujiuliza analiwa vipi. Kisha alipiga makofi mara moja.

Mtumishi alileta mabakuli mawili makubwa ya udongo mweusi, yamejaa pomoni, akaliweka moja mbele ya kila mmoja. Maji ya kijito. Yalikuwa baridi mpaka mabakuli yalitoa jasho kwa nje, na tone moja lilishuka polepole pembeni likafika kwenye mkeka na kupotea. Heiroku aliyasikia maji kwa pua. Hakuwahi kujua kwamba maji yana harufu. Ulimi wake ulikuwa kipande cha ngozi kilichosahauliwa mdomoni.

Hapo ndipo alipoelewa. Kawasoe hakuwa na haja ya kuuliza kitu. Angewatazama tu wanavyokunywa. Mtu mwenye kiu hawezi kunywa kama mtu asiye na kiu. Mikono itamsaliti, koo litamsaliti. Na kuyaacha bila kuyagusa, siku ya joto kama ile baada ya kuteremka mlima, nalo lingekuwa jibu.

"Karibuni," alisema Kawasoe. "Jua kali."

Heiroku aliona misuli ya shingo ya Lopo, pale kulia ilipokuwa wazi, ikicheza.

"Nimesikia kwamba watu wa aina yako hamsemi uongo mkishaapa," Kawasoe aliendelea, kwa upole. "Basi niapie kwa huo msalaba wako. Ngomeni kuna maji?"

Mkono wa Heiroku ulikuwa tayari kwenye mpini. Hakukumbuka kuupeleka. Aliipima shingo: pigo moja, kutoka kulia kwenda chini. Mreno asingeweza kudanganya, hilo Heiroku alilijua kuliko mtu yeyote pale. "Ndiyo" ingekuwa uongo. "Hapana" ingekuwa kifo cha watu mia tatu, na wawili kati yao walikuwa wamelala mchana nyumbani kwake. Chuma kilitoka alani upana wa kidole.

Lopo alinyanyua mikono yote miwili. Akaitumbukiza ndani ya bakuli.

Alinawa. Alinawa bila haraka, kidole kimoja kimoja, akasugua kati ya vidole, akasugua kucha, kama alivyokuwa akinawa kila siku kabla ya kula kabla ya vita. Maji yalimwagika ukingoni yakaloanisha mkeka. Akainua viganja, akaacha maji yatiririke mpaka kwenye viwiko na kudondoka vumbini, halafu akatazama huku na huku kama mtu aliyekosa kitu.

"Kuna kitambaa?" aliuliza. "Na mheshimiwa, niliapa kurudi, nimerudi. Kuapa kujibu maswali sikuapa. Tunakula saa ngapi?"

Mtu mmoja kwenye safu alicheka kidogo. Kawasoe hakucheka. Macho yake yalihama kutoka kwa Lopo yakaja kwa Heiroku.

Heiroku aliurudisha upanga alani kwa dole gumba, ndani ya mkono wa nguo, taratibu usilie. Kisha aliliinua bakuli lake kwa mikono miwili. Ilibidi alete uso karibu nalo, hakukuwa na njia nyingine. Alichukua funda moja, akasukutua, akageuka pembeni akayatema yote chini. Funda lile lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya, na alishawahi kukata watu. Maji yaliyobaki aliyamimina polepole juu ya goti lake bovu, akalikanda.

"Samahani," alisema. "Njia ya mlima inaniumiza goti."

Kule juu, kwenye ukuta wa kusini, kitu kilimeta. Wote waligeuka. Adhuhuri ilikuwa imefika, na mtunza farasi alikuwa anamwogesha farasi wa kijivu. Kata baada ya kata.

"Kila siku," Kawasoe alisema, karibu kwa huzuni. "Wiki nzima namtazama farasi yule. Namtaka. Kwenu mtu huwa na fidia, siyo? Basi nimeipanga. Mleteni farasi yule hapa leo, mchukue Ndevu wenu. Sihitaji kingine."

Farasi yule alikuwa hajapata maji ya maana siku tano. Angeteremshwa mlima, angenusa kijito, angekata kamba na kumkanyaga yeyote aliyesimama mbele yake. Farasi hafundishwi kunawa. Na kukataa kumtoa farasi mmoja kwa ajili ya mtu aliyerudi kwa hiari yake, hapo Kawasoe angeanza kujiuliza kwa nini.

"Mheshimiwa," alisema Lopo, kabla Heiroku hajafungua mdomo. "Bei hiyo siikubali."

"Huikubali? Ni kubwa?"

"Kubwa mno. Yule ni farasi wa Bwana Mkubwa." Alinyoosha mgongo. "Mimi sifikii farasi. Kule nilikotekwa kwanza walinipangia bei ya nyumbu. Nyumbu wa mizigo. Ndiyo bei yangu, na ngomeni nyumbu hatuna. Kwa hiyo nitakaa hapa kwako."

Alisema mbele ya wakubwa kumi na watano na walinzi wasiohesabika, kwa sauti inayosikika, kichwa juu. Safu nzima iliangua kicheko. Nyumbu, mtu mmoja alirudia, nyumbu wa ndevu. Masikio ya Lopo yalikuwa mekundu kuliko nywele zake. Heiroku hakucheka. Yeye peke yake pale alijua kwamba mtu huyu alikuwa amejipasua tumbo mbele ya watu, kwa njia ya kwao, bila damu.

"Nenda zako, Iwakiri," alisema Kawasoe, akifuta macho. "Nyumbu anabaki."

Dozen alikuwa anamsubiri langoni, amesimama, mzee wa miaka sabini.

"Alisema?"

"Alinawa mikono," alijibu Heiroku, akampita.

Siku nne zilipita. Mitungi ikabaki mmoja, halafu nusu. Adhuhuri ya siku ya tatu Heiroku aliichukua kata mwenyewe akammiminia farasi mchele, na kule chini alimwona mtu mrefu mwenye kifua cha chuma ameketi kivulini na walinzi wawili. Mtu yule hakunyanyua mkono. Alitazama tu, kama wengine. Siku ya nne Bwana Moritaka aliamuru maji yaliyobaki wagawiwe wote wanywe, na kesho yake alfajiri lango lifunguliwe watoke wakafe kijitoni. Oyasu aliwachana binti zake nywele. Heiroku alinoa upanga wake.

Kulipopambazuka kulikuwa na moshi, lakini haukuwa wa kwao. Kawasoe alikuwa anachoma vibanda vyake. Mpunga ulikuwa unakaribia kuvunwa, askari wake wengi walikuwa wakulima, na hakutaka kuupoteza msimu mbele ya ngome inayoogesha farasi. Jua lilipotoka vizuri njia ilikuwa tupu, isipokuwa mtu mmoja aliyesimama kando ya kijito, upanga mfupi kiunoni.

Lango lilifunguliwa. Wa kwanza kufika majini alikuwa farasi wa kijivu, aliyewaburuta watunzaji wawili kwenye mawe, akazamisha kichwa mpaka machoni. Nyuma yake walikuja watu mia tatu wakianguka kifudifudi. Heiroku alikunywa mpaka akatapika, akanywa tena.

Alipoinua uso alimwona Lopo bado amesimama, akiwatazama kwa aibu kidogo, kama mgeni aliyefika wakati wenyeji wanakula.

"Alikuachia vipi?" Heiroku aliuliza.

"Alisema nyumbu anakula sana."

Hidaka Dozen alikuja kupitia katikati ya watu, mdomo na kifua vimeloa, kata ya mchele mkononi. Alisimama mbele ya Mreno. Hawakuwa wamesema neno tangu siku ile ya ukumbini. Mzee aliinama, goti moja likalia, akachota maji ya kijito.

"Lete mikono," alisema.

Lopo alimtazama. Kisha akanyoosha mikono yote miwili, na Dozen akamwagia polepole, kata ya kwanza, kata ya pili, bila kumwaga pembeni.

"Na miguu je?" aliuliza Oyasu kutoka majini. "Mwagie na miguu, mzee. Mwagie mwili mzima, maadamu umeshaanza."